Huzuni kali na tiba ya umeme: dawa ya kulalisha inachaguliwa namna gani

Vita na kukimbia-kimbia katika eneo la Djugu, jimboni Ituri, vimeacha alama katika roho za watu, Fataki na kwingineko. Kuna huzuni inayopita kiasi: mutu hali, halali, hasemi tena, ao anatafuta kujiua.

Kwa kawaida matunzo yanaanza na mazungumzo na vidonge. Vikishindwa, munganga wa magonjwa ya akili anaweza kutumia tiba ya umeme, ku hospitali kubwa yenye vifaa. Umeme kidogo unapitishwa ku kichwa ili ubongo upate mushtuko kama wa kifafa. Mushtuko huo ndio unaosaidia.

Tiba hii ilianza Roma, Italia, mwaka 1938. Wakati ule mugonjwa hakulalishwa, na wengine walivunjika mifupa. Leo analalishwa na kupewa dawa ya kulegeza misuli. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakataa ifanyike bila kulalisha.

Mara nyingi tiba inarudiliwa mara 6 mpaka 12, kwa hiyo dawa inachaguliwa kwa uangalifu. Propofoli inalalisha haraka, lakini inafupisha mushtuko. Ikizidi, tiba inapoteza nguvu. Thiopentali, dawa ya zamani, inaweza pia kuupunguza. Etomidati inaacha mushtuko udumu, ila inazuia kwa muda kazi ya tezi za juu ya figo.

Ketamini inajulikana sana mu vyumba vya upasuaji vya vijijini, juu kwa kawaida mugonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Haizimi mushtuko. Lakini inapandisha tension, na wakati wa kuamka mutu anaweza kuona mambo yasiyokuwepo. Kwa mutu aliyeshuhudia mauaji, hilo si jambo dogo. Ni kweli ketamini yenyewe inaweza kupunguza huzuni haraka, lakini utafiti haujaonyesha wazi kwamba inaongezea tiba ya umeme nguvu.

Familia nayo ina kazi. Imwambie munganga kama mugonjwa ana tension ao ugonjwa wa moyo, na dawa zote anazokunywa, hata za miti shamba. Asile chakula masaa 6 mbele ya kulalishwa. Dawa hizi hazinunuliwi kwa kujitibu nyumbani.

Na mutu akianza kusema anataka kufa, asiachwe peke yake: apelekwe upesi ku kituo cha afya.