Kutoka Kiunga hadi Nairobi: ya kujua kabla ya kufunga safari

Mtu wa Kiunga haendi Nairobi kutembea tu. Huenda kwa ajili ya pasipoti, mgonjwa aliyepewa rufaa, au mtoto anayeanza chuo. Safari hiyo yala fedha na siku, na kurudi mikono mitupu kwa sababu ya karatasi moja ni hasara ya nyumba nzima. Haya nawaandikia wanaokwenda mara ya kwanza.

Kwanza, uliza kama ni lazima ufike Nairobi. Pasipoti yashughulikiwa Mombasa pia, na stakabadhi nyingi zapatikana Huduma Centre ya Lamu. Maombi ya pasipoti huanzia eCitizen: jaza, lipa na uchapishe fomu ungali Lamu. Mgonjwa wa Hospitali ya Kenyatta abebe barua ya rufaa na majibu ya vipimo vyote, na awe amesajiliwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililo kwenye buti la basi. Sisi wa mpakani twajua kuulizwa. Njiani abiria hukaguliwa, na asiye na kitambulisho huweza kuteremshwa. Mtoto abebewe cheti cha kuzaliwa. Weka nakala kwa jamaa aliyebaki nyumbani.

Wakati wa kusi, ongeza siku. Bahari ikichafuka, mashua ya kwenda Lamu yaweza kungoja. Lamu wavuka hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa. Usikate tiketi ya treni ya siku ile ile utokayo Mokowe, lala Mombasa. Treni huondokea Miritini, na tiketi hukatwa kwa nambari ya kitambulisho. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Huteremka Syokimau, nje ya mji. Iko treni nyingine ya kukufikisha katikati.

Ukishafika, tumia Msikiti wa Jamia kama alama yako. Uko katikati ya mji, karibu na City Market, na ukipotea kila mtu aujua. Nyayo House, penye ofisi ya pasipoti, iko pembeni mwa Kenyatta Avenue na Uhuru Highway; kutoka Jamia ni mwendo wa miguu. Chakula cha halali na vyumba vya kulala ni tele Eastleigh; matatu nambari 6 na 9 huenda huko. Simu usiishike mkononi dirishani mwa matatu.

Beba sweta. Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti baridi yake si mchezo kwa mzee au mgonjwa.

Usifuate saa ya swala ya kwetu. Jua la Nairobi latua karibu dakika 20 baada ya Kiunga, kwa hivyo aliyefunga angoje adhana ya huko.

Mwisho, fika Jumapili uanze shughuli Jumatatu asubuhi. Ofisi ikikurudisha kwa karatasi iliyopungua, utakuwa na siku nne za kuitafuta kabla ya wikiendi. Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awarudishe salama.