Ndama wa Milo na Goti Langu

Mwaka 1986, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya wavulana, niliwanyang'anya wanafunzi chuma chao. Kilikuwa ekseli ya gari bovu, kila ncha imetiwa debe lililojazwa saruji, nao walikuwa wakikinyanyua jioni nyuma ya jiko. Chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba kunyanyua vitu vizito hukakamaza misuli, mtu akawa mzito wa mwendo na, kwa maelezo ya mkufunzi wetu, mzito wa akili vile vile. Niliamini. Ekseli ile nikaamuru isimikwe iwe nguzo ya lango la bustani ya shule.

Miaka mitatu iliyopita nilianguka bafuni nikavunjika mfupa juu kidogo ya goti. Plasta ilipofunguliwa, paja langu lilikuwa jembamba kama mkono. Binti mmoja mtaalamu wa viungo, ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, akanifunga kifundoni mfuko wa mchanga wa nusu kilo, akasema, "Babu, nyoosha mguu mara kumi." Baada ya siku chache akaongeza mchanga. Nilimwuliza ujuzi huu umetoka wapi. Akacheka. Nikaamua kutafuta mwenyewe, maana uzee hauna kazi nyingi.

Wagiriki walisimulia habari za Milo wa Crotone, mpiga mieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo, aliyeshinda mara 6 katika michezo ya Olimpiki. Inasemekana alimbeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Ni hadithi, na yeyote aliyefuga ng'ombe anajua kwamba ndama hunenepa upesi kuliko mtu aongezavyo nguvu. Lakini kiini chake ni kweli: misuli hukua ikidaiwa zaidi kidogo ya ilivyozoea.

Aliyeipa kanuni hiyo hesabu ni daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme. Utotoni aliugua homa ya baridi yabisi, akalala kitandani miezi mingi, kisha akajijenga kwa vyuma. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika hospitali ya jeshi ya Gardiner, Chicago, iliyojaa askari walioumia magoti na mapaja. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudiarudia, nao walikaa hospitalini muda mrefu pasipo nafuu. DeLorme akawavalisha kiatu cha chuma chenye kubebeshwa vipande vya uzito. Alitafuta uzito ambao mgonjwa angeweza kuuinua mara 10 tu, asiweze ya 11. Alipoweza zaidi, uliongezwa. Alichapisha matokeo mwaka 1945. Mwanzo aliagiza mizunguko 7, lakini mwaka 1948, pamoja na mwenzake Arthur Watkins, aliipunguza kuwa 3: wa kwanza kwa nusu ya uzito, wa pili kwa robo tatu, wa tatu kwa uzito wote. Napenda sana kupunguza huko. Ni mwalimu adimu anayekiri kwamba amewapa wanafunzi kazi kupita kiasi.

Mengine niliyajifunza kwa mguu wangu. Misuli haikui wakati wa kuinua, hukua wakati wa kupumzika, ndiyo maana binti yule alinikataza kurudia kesho yake. Maharage, dagaa na maziwa ndiyo matofali yake. Tena nguvu za majuma ya kwanza hutoka zaidi kwenye neva zinazojifunza kuamrisha, kwa hiyo nilipanda ngazi kabla paja halijanenepa hata kidogo.

Je, uzee si kikwazo? Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha habari za wazee 10 dhaifu, umri wao wastani miaka 90, waliofanyishwa mazoezi ya uzito kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kupita maradufu, na wawili wakaziacha fimbo zao.

Mwaka jana alinijia mmoja wa wavulana wale wa ekseli, sasa ana mvi. Aliuona mfuko wa mchanga ukutani, akanitazama, akanyamaza kwa adabu. Nilimwomba radhi. Akauliza kama ile nguzo bado ipo. Nikamwambia ipo, wala haijapinda.