Kufeli kwa Maagizo

Mtihani wa darasa la saba nchini Tanzania hufanyika Septemba. Mtahiniwa hupewa fomu yenye herufi zilizopangwa kwa mistari, akatia kivuli kwa penseli kwenye jibu analoliona sahihi. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita walimu wanamjua binti anayeshika nafasi za juu mwaka mzima, kisha siku hiyo akatia vivuli ovyo na kulaza kichwa mezani. Akibanwa sana hutoa alichoagizwa nyumbani: usifaulu.

Agizo hilo hutolewa nyumbani, lakini sheria za nchi zimechangia kulipa maana.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilileta ndoa za kimila, za dini na za kiserikali chini ya paa moja, jambo kubwa kwa wakati wake. Ila kifungu cha 13 kiliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, na mahakama ikapewa ruhusa ya kushuka hadi 14. Miaka mitatu baadaye Azimio la Musoma likataka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikaifanya shule hiyo kuwa ya lazima. Sheria hizo mbili zikaishi nyumba moja bila kusalimiana. Aliyechelewa kuandikishwa, na walikuwa wengi, alimaliza la saba tayari ana umri wa kuolewa.

Kwa Wasukuma, walio wengi katika mikoa hiyo, mahari ni ng'ombe, na mara nyingi ng'ombe wa dada ndio wanaomwezesha kaka kuoa. Simwiti baba wa miaka ile mjinga. Sekondari zilikuwa chache mno. Binti kufaulu halafu akakosa nafasi lilikuwa jambo la kawaida, na ng'ombe walikuwa wanaonekana zizini. Hesabu hiyo ilianza kuyumba kuanzia 2004, shule za kata zilipomea kila upande.

Geita kulikuwa na mvuto mwingine. Mgodi mkubwa ulipofunguliwa 2000, wachimbaji wadogo walikuwa wameshazoea maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Nyarugusu na Lwamgasa. Binti asiyechaguliwa kwenda sekondari hakukosa la kufanya huko: kuuza maji, kumsaidia mama ntilie, kuponda mawe karibu na makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mwaka 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu watoto wa machimboni, wakiwemo wa Geita na Kahama, wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu, na wasichana wanaosumbuliwa kingono.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulikuta asilimia 59 ya wanawake wa Shinyanga wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kufika 18, wakati taifa zima lilikuwa na asilimia 37. Shinyanga hiyo ilikuwa pana kuliko ya leo. Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa ndani yake, ilihamia mkoa mpya wa Geita mwaka 2012.

Kisha ukaja 2016. Januari ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Tarehe 8 Julai Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ikasema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa tarehe 23 Oktoba 2019. Mwaka huohuo wa 2016 Bunge liliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba.

Hapo ndipo penseli ilipopata kazi kubwa zaidi. Miaka 30 inamlinda mwanafunzi. Aliyefeli la saba si mwanafunzi tena, na mwenye ng'ombe anaweza kubisha hodi mchana kweupe. (Aliyepata mimba naye alipoteza jina hilo la mwanafunzi, hadi Novemba 2021 Serikali ilipomfungulia tena mlango wa shule.)

Sera ya elimu ya toleo la 2023 imeyafanya masomo ya lazima kuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa mpango huo, 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na baada yao la saba halitakuwepo. Mtihani wa kumtoa binti kwenye orodha ya wanafunzi utabidi usubiri hadi kidato cha nne.