Moto dukani: Kizimamoto kipi kitumike, na wakati gani wa kukimbia

USIKU wa Jumamosi, Julai 10, 2021, moto ulizuka katika Soko Kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam na kuteketeza mali za wafanyabiashara wa jengo hilo maarufu, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Miezi sita baadaye, Januari 16, 2022, moto mwingine uliteketeza vibanda vya Soko la Karume, Ilala.

Masoko hayo mawili hayako mbali na kituo cha zimamoto cha Barabara ya Morogoro, eneo ambalo abiria wa mabasi yaendayo haraka hulijua kwa jina la Fire. Hata hivyo, ukaribu pekee hautoshi. Gari la zimamoto likiitwa mchana, hulazimika kupenya kati ya mikokoteni, meza za machinga na malori yanayoshusha mizigo katika mitaa kama Kongo, Swahili na Msimbazi, huku moto ukizidi kukua.

Kwa sababu hiyo, dakika ya kwanza huwa mikononi mwa mwenye duka, mpishi au mlinzi aliye karibu. Anachokifanya katika dakika hiyo kinaweza kuokoa mtaji wa miaka mingi. Kinaweza pia kugharimu maisha yake.

Moto huhitaji vitu vitatu: kitu kinachoungua, joto na hewa ya oksijeni. Kikiondolewa kimoja, moto huzimika. Maji hupoza joto, blanketi huziba hewa, na kufunga koki ya mtungi wa gesi huondoa kinachoungua. Vifaa vingi vya kuzimia moto hufanya kazi kwa kanuni hiyo.

MADARAJA YA MOTO

Kwa mgawanyo unaotumika Uingereza na katika nchi nyingi, moto wa vitu vikavu kama vitenge, maboksi, mbao na magodoro ni wa daraja A. Moto wa petroli, tina na rangi ni daraja B, wa gesi ni daraja C, wa baadhi ya metali ni daraja D, na wa mafuta ya kupikia ni daraja F. Moto unaohusisha umeme hauna herufi yake katika mgawanyo huo, kwa kuwa umeme ni chanzo tu. Kinachoungua ni plastiki, mbao au nguo.

Kizimamoto cha maji hufaa daraja A pekee. Cha povu hufaa A na B. Cha unga mkavu wa matumizi mengi hufaa A, B na C, na huweza kutumika penye umeme, ingawa unga huo huharibu vifaa vya elektroniki. Cha kabonidayoksaidi hufaa penye umeme na kwa moto wa vimiminika, na hakiachi uchafu. Lakini katika chumba kidogo kisicho na dirisha hewa hiyo huweza kumkosesha pumzi anayekitumia.

Katika utaratibu wa Uingereza, vizimamoto huwa vyekundu na aina yake huonyeshwa kwa utepe: buluu kwa unga, nyeusi kwa kabonidayoksaidi, rangi ya maziwa kwa povu na njano kwa dawa maalumu ya mafuta ya kupikia. Hata hivyo, si kila kizimamoto kinachoingizwa nchini hufuata rangi hizo. Njia ya uhakika ni kusoma maandishi na michoro iliyo ubavuni mwake siku ya kukinunua.

Kosa la hatari zaidi ni kumwagia maji mafuta ya chipsi yanayowaka. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke mara moja na kutanuka takriban mara 1,700, kisha huyarusha mafuta yanayowaka hadi darini na usoni mwa mpishi. Inatakiwa kuzima jiko ikiwa mkono unafika bila kupita juu ya moto, kufunika karai kwa mfuniko au blanketi la kuzimia moto, na kuliacha hapo mpaka lipoe kabisa.

Gesi ikiwaka kwenye mpira wa jiko, dawa ni kufunga koki ya mtungi iwapo inafikika. Moto huo ukizimwa wakati gesi inaendelea kuvuja, gesi hujaa chumbani na cheche moja huweza kuleta mlipuko. Penye umeme, kata kwanza swichi kuu.

HATUA NNE

Kutumia kizimamoto ni hatua nne: vuta pini, elekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto, minya kishikio, kisha pembeza kushoto na kulia. Wengi hupuliza kwenye ndimi za moto, dawa ikapotea hewani. Kizimamoto cha unga cha kilo 6 humalizika kwa chini ya nusu dakika, hivyo hakuna muda wa kujifunzia wakati moto umeshawaka.

Mahali pake ni karibu na mlango, si nyuma ya marobota. Mtumiaji asimame mlango ukiwa nyuma yake, ili akishindwa awe na pa kutokea. Kila mwezi aangalie kama sindano ya kipimo iko kwenye rangi ya kijani, pini na lakiri zipo, na mpira haujapasuka. Cha kabonidayoksaidi kwa kawaida hakina kipimo; hujulikana kama kimejaa kwa kupimwa uzito. Vyote vinahitaji kukaguliwa na fundi kila mwaka.

WAKATI WA KUKIMBIA

Kizimamoto ni cha moto mdogo usiozidi ukubwa wa ndoo ya takataka. Moto ukifika darini, moshi ukijaa au kizimamoto kikiisha, kazi ya mwenye duka imekwisha. Aondoe watu, afunge mlango bila kuutia kufuli, atoke na asirudi kuchukua mzigo wala daftari la madeni.

Moshi huua kabla ya moto. Ndani yake mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Kitambaa kilicholowa hupunguza masizi kidogo, lakini hakiizuii hewa hiyo. Anayetoka ndani ya moshi ainame au atambae, kwa kuwa hewa yenye nafuu huwa chini. Lifti isitumike.

Mavazi ya askari wa zimamoto yanaonyesha kwa nini raia hapaswi kurudi ndani. Koti na suruali zake huwa na tabaka tatu: la nje lisiloshika moto kwa urahisi, la kati linalozuia maji na la ndani linalokinga joto. Kuna pia kofia ngumu, glavu, buti na barakoa iliyounganishwa na mtungi mgongoni. Mtungi huo kwa kawaida hubeba hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, si oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani, na king'ora chake hulia hewa inapokaribia kwisha. Hata akiwa na vyote hivyo, askari haingii peke yake.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo. Lakini njia iliyozibwa na marobota baada ya mkaguzi kuondoka, au mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli kwa kuogopa wezi, ni jukumu la wenyewe.

Namba ya dharura ni 114. Mpigaji ataje mtaa na mtaa unaokutana nao, ghorofa, kinachoungua, na kama kuna watu waliokwama ndani. Kisha amtume mtu akasimame njia panda kuwaonyesha askari njia, na wengine wasogeze meza na mikokoteni ili gari lipite.