Kuokoa kwa Kununua: Jeon Hyeong-pil na Turathi za Korea chini ya Utawala wa Kijapani
Historia ya turathi chini ya ukoloni aghalabu huwagawa wahusika katika kambi mbili, waporaji na waokoaji. Jeon Hyeong-pil (1906–1962), anayejulikana zaidi kwa lakabu ya Kansong, huwekwa katika kambi ya pili, na anastahili. Hata hivyo, uokoaji wake ulifanyika ndani ya soko lilelile lililokuwa likizitawanya turathi hizo, na bila kulichunguza soko hilo kazi yake haieleweki.

Japani iliitwaa Korea mwaka 1910. Hata kabla ya hapo, makaburi ya enzi ya Goryeo, hususan yale ya eneo la Kaesong, yalikuwa yakifukuliwa kwa ajili ya seladoni, yaani vyombo vya kauri ya kijani vilivyozikwa pamoja na wafu. Wanunuzi wakubwa walikuwa maafisa na wafanyabiashara wa Kijapani. Kufikia miaka ya 1920 Seoul ilikuwa na klabu ya sanaa iliyoendesha minada ya mara kwa mara, na kitu kilichotoka kaburini kwa wizi kiliweza kuondoka mnadani kikiwa mali halali.

Jeon aliingia katika soko hilo akiwa kijana aliyesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Waseda na kurithi mashamba makubwa. Kiongozi wake alikuwa Oh Se-chang, bingwa wa hati na michoro, mmoja wa watu 33 waliotia saini Tangazo la Uhuru la mwaka 1919. Jicho lilikuwa la Oh. Fedha zilitokana na ardhi iliyolimwa na wakulima wapangaji, jambo ambalo waandishi wengi wa sifa zake hulipita upesi.

Mwaka 1935 alilipa won 20,000 kwa chupa ya seladoni yenye nakshi za korongo na mawingu. Mwaka uliofuata, mnadani, alishindana na kampuni ya Kijapani ya Yamanaka na kuipata chupa ya kauri nyeupe kwa won 14,580. Mwaka 1937 alinunua seladoni za John Gadsby, mwanasheria Mwingereza aliyeishi Tokyo, na kuzirejesha Korea. Mwaka 1938 alijenga Bohwagak, jumba la kuhifadhia mkusanyo wake, huko Seongbuk-dong, Seoul. Katika manunuzi yote hayo bei ilipangwa na ushindani, na kila ushindi wake uliithibitisha kanuni ya soko kwamba mwenye fedha ndiye mwenye haki.

Kitabu cha Hunminjeongeum Haerye ni suala tofauti. Kilichapishwa mwaka 1446 kueleza alfabeti iliyobuniwa na Mfalme Sejong, kisha kikatoweka machoni pa wasomi kwa karne nyingi, hata zikazuka nadharia kwamba maumbo ya herufi yaliigwa kutoka kwenye fremu za madirisha. Mwaka 1940 nakala moja ilipatikana Andong. Inasimuliwa kwamba iliombewa won 1,000, naye Jeon akalipa won 10,000, pamoja na won 1,000 za dalali. Simulizi hilo hufasiriwa kuwa ishara ya heshima. Inaelekea lilikuwa pia suala la usiri: mwaka huohuo magazeti ya Dong-A na Chosun yalifungwa, na mwaka 1942 wanaisimu wa Jumuiya ya Lugha ya Kikorea walikamatwa. Kitabu kinachoonesha kwamba konsonanti za Kikorea zilichorwa kwa kufuata maumbo ya ulimi, meno na koo kilikuwa hatari kwa namna ambayo chupa ya maua haikuwa. Jeon alikificha hadi ukombozi wa mwaka 1945. Mwaka 1997 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Umiliki binafsi, ngao dhidi ya dola ya kikoloni, uligeuka mzigo katika dola huru. Mwezi Mei 2020 warithi wake walizipeleka mnadani sanamu mbili za Kibuddha, zote zikiwa hazina zilizosajiliwa na serikali. Hakuna aliyetoa bei. Miezi michache baadaye zilinunuliwa na Makumbusho ya Taifa ya Korea, kwa fedha za umma.