Yonezawa: Jimbo Lililokataa Kuwafukuza Watu Wake

Mwaka 1601 ukoo wa Uesugi ulihamia bonde la Yonezawa, kaskazini-mashariki mwa Japani, ukiwa umebeba jeneza la mzee wake. Aliyekuwa ndani ni Uesugi Kenshin, shujaa wa jimbo la Echigo aliyefariki mwaka 1578. Mwili wake ulikuwa umeshahamishwa mara moja, mrithi wake Kagekatsu alipoondolewa Echigo na kupelekwa Aizu. Sasa ulihamishwa tena, na safari hii ukoo ulikuwa umeshindwa.

Kagekatsu alisimama upande uliompinga Tokugawa Ieyasu, aliyekuja kuwa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, katika mapambano ya mwaka 1600, yale yaliyoamuliwa kwenye vita vya Sekigahara. Huko Aizu alikuwa na ardhi ya koku milioni 1.2, koku moja ni kiasi cha mchele kilichokadiriwa kumlisha mtu mmoja kwa mwaka. Ieyasu alimwachia koku 300,000 tu, yaani robo. Mabwana wengi waliopatwa na balaa kama hilo waliwaachisha kazi samurai wao, na nchi ikajaa wapiganaji wasio na bwana. Kagekatsu na waziri wake, Naoe Kanetsugu, hawakufanya hivyo. Waliamua kwamba aliyetaka kubaki atabaki, na maelfu ya familia zikawafuata.

Naona hapo ndipo historia yote ya Yonezawa ilipoanzia, uzuri wake na mateso yake. Mji ulikuwa mdogo, theluji ilikuwa nyingi, na mto ulikuwa ukifurika. Kanetsugu alijenga tuta la mawe kuuzuia. Samurai wa ngazi za chini, waliokosa nafasi mjini, walipewa viwanja pembezoni wakalima kwa mikono yao wenyewe. Kwa watu wa tabaka lililojivunia upanga, kushika jembe halikuwa jambo dogo.

Pigo la pili lilikuja mwaka 1664. Bwana wa tatu wa Yonezawa, Tsunakatsu, alifariki ghafla bila mtoto wala mrithi aliyetangazwa, na kwa sheria za shogun jimbo lingeweza kufutwa kabisa. Baba mkwe wake, Hoshina Masayuki wa Aizu, aliingilia kati, na mtoto wa dada yake Tsunakatsu akakubaliwa kurithi. Malipo ya hisani hiyo yalikuwa nusu ya ardhi: zikabaki koku 150,000. Baba wa mtoto huyo alikuwa Kira Yoshinaka, yule yule aliyekuja kuuawa mwaka 1703 na ronin 47, yaani samurai wasio na bwana.

Mapato yalishuka hadi sehemu moja ya nane ya yale ya Aizu, lakini familia za samurai zilikuwa bado zipo, na kila moja ilidai posho yake. Jimbo likakopa kwa wafanyabiashara wa mijini, likakata posho, likaongeza kodi, na wakulima wakatoroka mashamba. Bwana wa nane, Shigesada, alifikia hatua ya kufikiria kumrudishia shogun jimbo zima.

Mwaka 1767 alimwachia kiti kijana wa kuasili ambaye hata miaka 16 alikuwa hajatimiza. Harunori, aliyekuja kujulikana kwa jina la Yozan, alizaliwa katika ukoo mdogo wa Akizuki, mbali kusini huko Kyushu. Alianza kujibana yeye mwenyewe: matumizi ya nyumba yake yalishushwa kutoka ryo (sarafu za dhahabu) 1,500 hadi 209 kwa mwaka, wajakazi kutoka 50 hadi 9, akavaa pamba na kula mchuzi mmoja na kitoweo kimoja. Wakubwa wa ukoo waliona aibu. Mwaka 1773 saba kati yao walimbana chumbani na kumtaka amfukuze waziri wake mwanamageuzi, Takenomata Masatsuna. Yozan aliwashinda, wawili waliamriwa kujiua, wengine wakafungiwa majumbani mwao na kupunguziwa ardhi.

Wasifu mwingi huruka kutoka hapo hadi kwenye ushindi, na hilo si haki kwa waliohangaika. Mpango wa Takenomata wa kupanda miti milioni moja ya urushi itoayo nta, milioni moja ya mforsadi na milioni moja ya kozo ya kutengenezea karatasi haukuleta fedha zilizotarajiwa, kwa kuwa nta ya urushi ilizidiwa sokoni na nta ya magharibi mwa Japani. Mwaka 1782 Takenomata mwenyewe aliondolewa kwa makosa ya utumishi. Mara ikaja njaa kuu ya miaka ya 1780, iliyoua watu wengi mno kaskazini. Yonezawa ilinunua mchele Echigo na Sakata, ikanusurika kwa nafuu kuliko majirani zake.

Yozan aling'atuka mwaka 1785 akiwa bado kijana, akamwachia mrithi wake wosia mfupi: nchi hupokewa kwa wahenga na kukabidhiwa wajao, si mali ya bwana. Hata hivyo aliendelea kuongoza nyuma ya pazia. Kazi ilikamilishwa na Nozoki Yoshimasa, aliyerudishwa madarakani mwaka 1791, na pia na wake na mabinti wa samurai. Zamani Yonezawa iliuza nyuzi za mmea wa aoso zikiwa ghafi. Chini ya Yozan walimu wa ufumaji waliletwa kutoka Echigo, na wanawake hao wakakaa kwenye vitanda vya mfumi. Baadaye ikafuata hariri, na vitambaa vya Yonezawa vinafumwa hadi leo. Mwaka 1802 jimbo lilichapisha kitabu cha mimea ya mwituni ipatayo 80 inayoweza kuliwa wakati wa njaa, pamoja na namna ya kuipika.

Yozan alifariki mwaka 1822. Majimbo yote yalifutwa mwaka 1871, na kwenye eneo la ngome sasa pana hekalu la ukoo wa Uesugi. Sifa za kuiokoa Yonezawa hupewa Yozan, naye anazistahili. Lakini aliyezungusha nyuzi usiku wa theluji ili posho ya mumewe itoshe hana sanamu, na bila yeye ahadi ya mwaka 1601 isingetimizwa.