Karatasi na Ngoma: Elimu ya Muhamadi Kijumwa

Wazee wetu wa pwani waliweka elimu yao mahali pawili: katika karatasi na katika vifua vya watu. Katika karatasi waliandika tendi kwa hati za Kiarabu; vifuani walihifadhi nyimbo, mafumbo na michezo ya harusini. Anayeshika upande mmoja akauacha wa pili hupata nusu ya elimu.

Aliyezishika pande zote mbili ni Muhamadi bin Abubakari Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mchongaji na mpiga kinanda. Wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walimtegemea awanakilie tendi za kale. Wapo waliomlaumu kwa kinanda na ngoma, lakini ngoma hizo ndizo zilizompa ufunguo wa maandiko.

Tazama Utendi wa Fumo Liyongo alioutunga mwaka 1913. Liyongo yumo gerezani, anasubiri kuuawa. Anamwimbia kijakazi Saada maneno ya fumbo ayapeleke kwa mama yake: apike mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wanakula mikate mizuri, wa wishwa wanamwachia mfungwa. Kisha Liyongo anaomba lichezwe gungu. Asomaye karatasi tu atauliza, walinzi hawakusikiaje tupa ikikereza chuma? Aliyewahi kulihudhuria gungu hana haja ya kuuliza: matari, pembe na matasa hufunika kila sauti. Tena gungu ni mchezo wa mafumbo. Mmoja hulifunga, mwingine hulifumbua. Kwa hiyo aliyezoea fumbo ndiye aliyeokoka.

Vivyo hivyo habari ya kikoa cha makoma. Kikoa ni desturi ya kulishana kwa zamu. Maadui waliigeuza mtego: zamu ya Liyongo ikifika, akiukwea mkoma, wampige mishale. Yeye akayaangua makoma kwa mishale akiwa chini. Bila kuijua desturi, hila haionekani, na ubaya wa kuivunja amana ya chakula hauonekani pia.

Leo nakala nyingi za mkono wa Kijumwa ziko London na Hamburg. J.W.T. Allen, aliyekusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alihifadhi na kanda za sauti pia. Alitambua kwamba karatasi bila sauti ni kama nyumba bila watu.

Ndugu msomaji, ukiwa Lamu, Tanga, au umehamia bara hadi Mkula katika bonde la Kilombero, lifungue sanduku la bibi yako. Ukikuta karatasi, ikinge na mchwa na unyevu. Lakini kabla ya kulifunga tena, mwulize bibi ilisomwa vipi, nani aliimba na nani aliitikia. Karatasi inaweza kungoja miaka mia, bibi hawezi.